UZI: Kasafishwa kizazi mwezi wa saba, mwezi wa kumi na moja karudi kitanda kilekile. Kwa nini wengi hawaondoki na njia ya uzazi wa mpango?

ZamuYaUsiku (mleta uzi)

Wakuu, habari za saa hizi. Humu mimi ni msomaji zaidi kuliko mwandishi, lakini leo nimetoka zamu na jambo limenikaa kooni.

Mimi ni nesi, wodi ya magonjwa ya wanawake, Kanda ya Ziwa. Kituo msiniulize. Juzi usiku mama mkwe kamleta mkwewe anavuja damu. Tumwite Bi. Kitenge, maana alikuwa amejifunga viwili na cha ndani kilikuwa kimelowa chote. Nilipomwinua kumpandisha kitandani nikamtambua. Mwezi wa saba alikuwa kitanda hichohicho. Mara zote mbili tumeandika kwenye daftari "mimba imeharibika". Mara zote mbili sikuamini, na yeye alijua siamini. (Nimebadilisha mambo mawili matatu asitambulike, kwa hiyo msianze upelelezi.)

Sasa kilichonitoa usingizi ni hiki. Mwezi wa saba nilimwambia nini? Nilimwambia, "Pole mama, Mungu atakupa mwingine." Halafu nikamwelekeza aende kliniki ya uzazi wa mpango, jengo la pili baada ya maabara, wanafungua saa 2 asubuhi. Daktari alimruhusu saa 12. Mume ana boda, alikuwa anapiga honi getini. Akaondoka.

Tukikaa kwenye semina tunaambiwa wanawake hawatumii njia kwa sababu ya "uelewa mdogo". Nimefanya kazi hii miaka 11, sikubali. Bi. Kitenge ana watoto watatu, kijiti cha mkononi anakijua, sindano anaijua, bei yake anaijua, kwamba ni bure. Kinachomzuia ni kwamba alishasema imeharibika yenyewe. Mama mkwe kakaa pale kwenye stuli na chupa ya uji. Mimi nikija na trei ya vijiti, yeye akanyoosha mkono, amekiri mbele ya mkwe kwamba ile mimba hakuitaka. Aliyepoteza mimba aliyoitaka anatarajiwa alie aombe nyingine, siyo aombe kinga. Kwa hiyo anakataa, mimi naandika "amekataa", na takwimu zinasema wanawake ni wagumu.

Wenye uzoefu wa upande wowote, semeni. Matusi pelekeni jukwaa la siasa.

---

Mgosi wa Mlalo

Dada nesi, nitauliza bila matusi. Kama amevunja sheria kwa nini tumtafutie kinga ya kuendelea? Mnachofundisha hapo ni "fanya utakavyo, dawa ipo".

---

ZamuYaUsiku

Mgosi, sheria naijua kwa sababu inanihusu hata mimi. Kanuni ya Adhabu, vifungu vya 150 hadi 152. Mwanamke anayejitoa mimba, hadi miaka 7. Anayemtoa, hadi 14. Anayempa dawa au kifaa akijua ni cha kazi hiyo, 3. Lakini kumhudumia aliyekuja anavuja damu siyo kosa, ni kazi niliyoajiriwa, na kumpa uzazi wa mpango kabla hajatoka ni sehemu ya hiyo huduma.

Halafu tuongee hesabu. Mwaka 2013 watafiti wa NIMR (taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa), MUHAS (chuo kikuu cha afya Muhimbili) na taasisi ya Guttmacher ya Marekani walikadiria mimba zilizotolewa Tanzania kwa mwaka huo kuwa takriban 405,000. Waliofika hospitali kutibiwa madhara yake walikadiriwa kuwa kama 66,600. Na Kanda ya Ziwa yetu hii ndiyo iliyokuwa juu kuliko kanda zote. Hao wote walitoa huku vifungu vipo. Wewe unataka asirudie. Mimi pia nataka asirudie. Mwenzangu una njia gani zaidi ya kukunja uso?

---

Dada Mkweli

Nimesoma nikajiona. Sitaki kusema mengi.

Mwaka wa pili chuo. Nilipata vidonge kwa mtu, nikatoa chumbani, rafiki yangu amekaa mlangoni. Siku ya nne damu haikatiki, nikaenda zahanati ya mtu binafsi. Wakanisafisha, elfu themanini taslimu. Yule aliyenisafisha alisema sentensi moja tu kuhusu maisha yangu ya mbele: "Usikutane na mwanaume mpaka uone siku zako." Nikaelewa kwamba kabla ya kuona siku zangu niko salama, ni suala la usafi tu na kidonda kupona.

Sikuziona hizo siku. Nilishika mimba nyingine kabla hata hedhi haijarudi. Huyo sasa yuko darasa la kwanza.

Nesi, hivi ni kweli inaweza kushika mapema hivyo au mimi ndiye niliyekuwa na bahati ya ajabu?

---

ZamuYaUsiku

Dada Mkweli, pole na asante. Ni kweli na siyo ajabu. Baada ya kujifungua mwili unachukua muda, hasa ukinyonyesha. Baada ya mimba changa kutoka, yai linaweza kupevuka ndani ya wiki mbili. Hedhi inakuja baada ya yai, siyo kabla. Ukiisubiri hedhi ikupe taarifa, umechelewa. Wanawake wengi wanachanganya hizi habari mbili kwa sababu tunawafundisha uzazi wa mpango kwenye kliniki ya watoto, na pale mazungumzo yote ni ya aliyejifungua.

Ndiyo maana karibu kila njia inaanza siku hiyohiyo: sindano, vidonge, kijiti, kondomu. Kitanzi nacho kinawekwa palepale baada ya kusafishwa, isipokuwa kama kuna maambukizi. Hapo kinasubiri mpaka apone. Na aliyetumia vidonge kuitoa anasubiri ithibitike kwanza kwamba tumbo liko tupu. Ya kuhesabu siku ndiyo haifai kabisa mwanzoni, kwa sababu hakuna cha kuhesabia. Mzunguko wa kwanza unajipangia wenyewe.

---

MuuzaDawa

Nina duka la dawa muhimu, mji fulani wa barabara kuu. Niseme la upande wangu kabla hamjanisema.

Hawa wa nesi ni wale waliofika hospitali. Wengi hawafiki. Anatumia vidonge alivyopata anakojua mwenyewe, vinakubali, kesho yuko sokoni. Huyo hajakutana na mhudumu hata mmoja, nani amshauri? Mimi? Dukani kwangu dirisha ni la futi mbili, nyuma yake kuna foleni, na wa kwanza kwenye foleni ni jirani yake.

Ninachokiona ni P2, kidonge cha dharura cha kuzuia mimba. Jumatatu asubuhi nauza P2 kuliko Panadol. Wengine nawajua kwa sura, kila wiki. Nimewahi kumwambia mmoja kwa upole, "Dada, hii ni ya dharura, ndani ya saa 72. Ukiitumia kila wiki, bora uchukue vidonge vya kila siku, ni nafuu na vinakinga zaidi." Akaniambia, "Vya kila siku ni vya wake za watu." Nikakosa jibu. Kwake P2 ni bahati mbaya iliyotokea jana, hata ikitokea mara nne kwa mwezi. Kidonge cha kila siku ni kukubali kwamba una mwanaume.

---

Dada Mkweli

MuuzaDawa umegonga. Mimi baada ya ile ya kwanza niliapa sitarudia MWANAUME, siyo sitarudia mimba. Ukiwa umeapa hivyo kijiti cha nini? Kiapo kilidumu wiki tatu.

---

Baba Wawili

Naomba niulize la wanaume, msinicheke. Mke wangu mimba iliharibika kweli (nilikuwepo, tulikuwa tunaitaka) wakampa kitanzi. Watu kijiweni wananiambia kitanzi kinahama kinapanda hadi moyoni, na kwamba nitachomwa. Nimeambiwa pia kijiti kinaleta ugumba. Ni kweli?

---

ZamuYaUsiku

Hakipandi moyoni, hakuna njia ya kufika huko. Kinakaa ndani ya mji wa mimba. Ukihisi nyuzi zinakukwaruza arudi zipunguzwe, ni kazi ya dakika tano. Mkihitaji mtoto kinatolewa na uwezo unarudi, vivyo hivyo kijiti. Sindano ya miezi mitatu ndiyo inayochelewa, wengi huchukua miezi kadhaa baada ya kuacha, na hilo lazima mtu aambiwe kabla hajachomwa.

Hilo la ugumba lina historia yake, ngoja nilieleze maana nimeliona kwa macho. Binti anatoa mimba kwa siri, pengine kwa kijiti cha muhogo au kwa mtu asiyejua. Anapata maambukizi, mirija inaziba, hasemi. Baadaye anawekewa kijiti, miaka mitatu. Anaolewa, anakitoa, mimba haishiki. Ukoo unakaa kikao: kilichomharibu nini? Ile ya siri haijulikani, na yeye hataitaja hata kwa kisu. Kinachojulikana ni kijiti, kovu lake lipo mkononi. Kesi inamwangukia kijiti, na binti zote za ukoo ule hawakigusi tena.

---

Mwanakombo wa Ng'ambo

Nasoma kutoka Unguja. Kwetu dini inatajwa sana kama kizuizi, lakini wazee wetu walikuwa wakizungumza habari ya azl, mume kumwaga nje, wala haikuwa aibu kuijadili baina ya mke na mume. Masheikh wengi hawana tatizo na kupanga kwa mke na mume waliokubaliana. Kinachotushinda ni neno "baina ya mke na mume". Msichana asiyeolewa hana pa kusimama. Hawezi kwenda kituoni, atamkuta mke wa mjomba ndiye nesi. Visiwa vidogo hivi.

Na siku akenda wanamuuliza, "Mumeo yuwapi?" Basi harudi.

---

KilifiKwetu

Majirani, nami niongeze kutoka Pwani ya Kenya. Sisi Katiba ya 2010 kifungu cha 26(4) kinaruhusu kutoa mimba pale mtaalamu wa afya anapoona maisha au afya ya mama iko hatarini, au ni dharura. Lakini Kanuni ya Adhabu ya mkoloni bado iko vitabuni, polisi wanaijua hiyo kuliko Katiba, na wauguzi wanaogopa. Mwaka 2012 walikadiria karibu mimba 465,000 zilizotolewa kwa mwaka mmoja. Wodini hadithi ni ile ile ya nesi: "imetoka yenyewe".

Mimi huwa natembea nyumba kwa nyumba kama mhudumu wa afya ya jamii. Nilichojifunza: mwanamke mwenye watoto wanne au watano hukubali njia upesi hata mbele ya watu, hakuna atakayemshangaa. Mwenye mmoja anaulizwa na kila mtu. Asiye na hata mmoja, hata sisi wahudumu tunamwonea huruma ya uongo, tunamwambia "subiri kwanza uzae". Sisi wenyewe ni kizuizi.

---

Mgosi wa Mlalo

Nimerudi. Nakubali la kuvuja damu, mtu atibiwe. Lakini mnakumbuka Septemba 2018 kule Meatu, Hayati Magufuli alisema wanaopanga uzazi ni wavivu wa kulisha watoto wao. Mtu wa kijijini akisikia hivyo kwa Rais, wewe nesi utamwambia nini?

---

ZamuYaUsiku

Nakumbuka vizuri, Meatu si mbali na hapa. Matangazo ya redio ya uzazi wa mpango yalisimama baada ya hapo na mwezi uliofuata waume walikuwa wanakuja na ile sauti kwenye simu. Lakini Mgosi, kliniki haikufungwa hata siku moja. Waliokuwa wanatumia walitumia kimya zaidi. Ripoti ya afya ya 2022 inasema asilimia 31 ya wanawake walio kwenye ndoa wanatumia njia za kisasa. Ya 2015-16 ilisema 32. Yaani tumesimama palepale. Siamini ni hotuba moja iliyofanya hivyo, wala siamini haikufanya kitu.

Turudi wodini, huko ndiko ninakoweza kushika kitu kwa mkono.

Temeke, Dar, miaka ya mwanzo ya 2000, watafiti walikaa na wanawake waliolazwa kwa mimba kuharibika wakazungumza nao kwa upole, faragha, bila kalamu ya polisi. Zaidi ya nusu walikiri kwamba waliitoa. Na walipopewa ushauri palepale, walio wengi sana walichukua njia. Zimbabwe walilinganisha hospitali mbili: Harare wanawake walipewa njia bure kabla hawajatoka wodini, Bulawayo waliendelea na utaratibu wa kawaida. Baada ya mwaka mmoja mimba zisizopangwa Harare zilikuwa chache zaidi. Ni wanawake wa nchi moja, waliolazwa kwa tatizo lilelile. Kilichobadilika ni kwamba dawa ilifuata kitanda.

Kwetu vijiti viko kabatini kliniki, jengo la pili. Funguo anayo inchaji wa kliniki, anaondoka saa 9 na nusu. Na sisi wa kusafisha tunafanya kazi usiku, kwa sababu siri inatembea usiku. Mpaka leo sijamwona aliyekuja na mimba ya kutoa saa 4 asubuhi.

---

MuuzaDawa

Sasa Bi. Kitenge safari hii imekuwaje?

---

ZamuYaUsiku

Ngoja nieleze.

Tulimaliza kumsafisha saa 8 usiku. Mama mkwe alikuwa amelala koridoni juu ya kanga. Nikavuta stuli. Sikumuuliza kama ameitoa. Nilimwambia, "Mama, tumbo limechoka. Wataalamu wa Shirika la Afya Duniani wanasema baada ya mimba kutoka, iwe imetoka vipi, kizazi kipumzishwe angalau miezi sita kabla ya mimba nyingine. Kila anayelala kitanda hiki namwambia hivyo. Unataka tukipumzishe na nini?"

Akakaa kimya. Halafu akashika mkono wake wa kushoto, juu, ndani, pale tunapoweka kijiti. Akabonyeza kwa kidole gumba. "Kitaonekana?"

Nikamwambia kuona hakionekani sana, lakini ukigusa unakihisi. Akacheka kidogo, cheko la uchungu. "Yeye hulala ameushika huu mkono."

Basi kijiti kikafa hapo. Vidonge, akasema ataficha wapi, nyumba ina chumba kimoja na mtoto wa miaka mitano anayechokonoa kila kitu. Kitanzi hakutaka mtu amguse tena huko usiku ule, na sikumlaumu. Ikabaki sindano. Kadi alisema nibaki nayo mimi. Tukakaa kutafuta atakumbukaje tarehe bila kuandika popote. Yeye ndiye aliyepata: mnada wa kwanza wa mwezi wa pili. Siku ya mnada mwanamke anaweza kwenda popote.

Sindano yenyewe? Nilimwamsha inchaji wa kliniki kwa simu saa 9 usiku. Alikuja na kanga kichwani, amekasirika, ametupa funguo mezani. Lakini alikuja.

Asubuhi mama mkwe akaniuliza mkwewe amechomwa nini. Nikamwambia, ya kupumzisha kizazi. Akatikisa kichwa akasema hata yeye enzi zao walikuwa wanatengwa na mume mpaka wapumzike. Akammiminia uji.

---

Mwanakombo wa Ng'ambo

"Iwe imetoka vipi." Hapo umemfungulia mlango bila kumuuliza alipita wapi. Naliandika hili neno.

---

KilifiKwetu

Nami nalichukua. Kesho naanza nalo kwa nyumba ya kwanza.

---

Mgosi wa Mlalo

Ila mume hana habari. Hilo linanisumbua, nasema ukweli.

---

Dada Mkweli

Mgosi, mume alikuwa na habari gani wakati wa honi getini?

---

ZamuYaUsiku

Mgosi, linanisumbua hata mimi, usidhani. Mwongozo haunitaki nimuombe mume ruhusa, lakini ningependa wangekuwa wanaingia wote wawili. Wakija wawili njia inadumu, hakatishi baada ya miezi mitatu kwa sababu ya hedhi kuvurugika na maswali ya usiku. Ila siwezi kumweka rehani mwanamke mpaka mume awe tayari. Yai halisubiri kikao.

---

ZamuYaUsiku (MREJESHO, mwezi wa pili)

Wakuu mlioniandikia faragha, mrejesho huu hapa.

Tulipata sanduku. Siyo kabati, ni sanduku la plastiki lililokuwa la glovu, lina kufuli dogo. Ndani kuna vijiti, sindano, vidonge na kondomu, na linakaa chumba cha kusafishia. Kilichochukua wiki mbili nzima siyo vifaa, ni daftari. Inchaji alikuwa anauliza, kijiti kikitumika usiku wodini kitaandikwa rejesta ipi, na mwisho wa mwezi kliniki ikionekana imepungua vijiti nani atajibu. Tukachora safu mpya kwa rula kwenye rejesta yetu, na kila asubuhi mtu wa zamu anapeleka idadi kliniki kwa kikaratasi. Mwezi wa kwanza mara mbili sanduku lilikuwa na sindano bila bomba. Tumejifunza kukagua jioni.

Na Bi. Kitenge. Mnada wa kwanza ulipita hakuja. Niliitoa kadi yake kwenye droo nikaitazama, nikairudisha. Sindano ikichelewa hadi wiki nne bado inachomwa, kwa hiyo sikukata tamaa ila nilikuwa nahesabu.

Amekuja jana, siku tisa baada ya tarehe. Ndoo ya dagaa kichwani, hakuitua. Kasimama mlangoni wa wodi, kapandisha mkono wa gauni kwa mkono mmoja, mwingine kashikilia ndoo.

"Sista, fanya haraka. Boda inaningoja."